Taya Nililolikata Matisi

Makosa ni yangu, na sitayapaka rangi. Mtu mwema amefukuzwa kazi kwa wizi nilioufanya mimi. Kitu pekee ambacho kingemsafisha nilikikatisha kwa mashine ya grinda, na nikamshukuru fundi kwa kazi nzuri!

Naomba mnijue kwanza. Mimi si mtu wa hivi hivi. Mama aliuza mboga soko la Myanga. Diploma yangu ya jiolojia nilijisomesha kwa kuosha magari Kitale, hakuna aliyenishika mkono. Kisha nikapata kazi Ujerumani, kwenye timbo la mawe ya chokaa ambapo wanasayansi hutafuta visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe. Nilikaa miaka sita. Kuna watu wenye digrii hapa nchini ambao hawajawahi kugusa nilivyovigusa.

Kule ardhi imepangwa kama chapati kwenye sahani. Chini kabisa kuna mawe mekundu ya mchanga, katikati mawe ya chokaa yaliyojaa makombe ya viumbe vya baharini, juu udongo mgumu wa rangi rangi. Ni kwa sababu ya matabaka hayo matatu kipindi cha kale yalipoundwa kikaitwa Triasiki. Lile la katikati lilikuwa sakafu ya bahari, zamani sana, kabla Mlima Elgon haujakuwepo.

Aliyenifundisha kuyasoma ni msimamizi wetu, mzee Anton. Koti langu la kwanza la baridi alinipa yeye. Hakuruhusu mtu abandue kisukuku ukutani kabla ya kuandika nambari kwa rangi nyekundu, juu ya jiwe lenyewe na pale ukutani linapotoka. "Ukikitenga na tabaka lake," aliniambia siku ya kwanza, "kinabaki pambo la mezani."

Nilisikia. Sikuelewa.

Wiki ya mwisho kabla ya kurudi, baba yangu mdogo alinipigia simu. Yeye huvunja kokoto kando ya barabara pale Kamukuywa tangu nikiwa mtoto. Nilikuwa nimemweleza kwamba kazi yangu ni kupasua mawe kwa utaalamu. Akacheka mpaka akakohoa.

"Sasa wewe, ulivuka bahari ati kwenda kupiga kokoto? Si ungekuja tu hapa kwangu bana, kuna nyundo ya ziada."

Alikuwa anatania. Lakini mimi nililichukua neno lile nikalala nalo. Diploma yangu yote, jasho langu lote, niwekwe kikapu kimoja na mtu anayekaa juu ya gunia akigonga mawe! Nikaapa kwamba nitarudi na kitu cha kuwafunga midomo.

Siku mbili baadaye tukapata taya. Taya la mnyama wa baharini, mfano wa mjusi, meno yake membamba kama sindano za kushonea magunia. Anton alilitia nambari, akaliandika kitabuni, akanipa ufunguo wa stoo nilipeleke. Ufunguo huo haukuruhusiwa kutoka mikononi mwake. Alinipa kwa sababu aliniamini.

Sikulipeleka stoo. Nililifunga kwenye sweta, nikamrudishia ufunguo, nikala naye chakula cha mchana.

Nyumbani Kamukuywa walinichinjia jogoo. Nikalitoa taya mbele ya wote. Lilikuwa bado limeshikana na bonge la jiwe la kijivu, na nambari nyekundu ubavuni. Baba mdogo aligeuzageuza, akauliza kama Ulaya mawe huwa na nambari kama ng'ombe wa mnada. Watu wakacheka. Niliona aibu mpaka masikio yakachemka.

Kesho yake nilikuwa Matisi kwa fundi wa kuchomelea. Alikata jiwe lote la nyuma pamoja na ile nambari, akasugua, akapaka vanishi. Taya likang'aa! Niliporudi nalo hakuna aliyecheka. Nilipiga picha nimelishika kama kombe.

Miezi mitano ikapita. Anton akanipigia. Hakunilaumu. Alisema taya halionekani, akauliza kwa upole, "Rafiki yangu, unakumbuka uliliweka rafu ipi?"

Nikamjibu, "Ya tatu, upande wa dirisha."

Akanishukuru. Jamani, alinishukuru!

Yaliyofuata niliyapata kwa binti yake. Baba yake aliipekua rafu ya tatu siku nzima. Wakubwa walipomuuliza nani aliingia stoo, alijibu kwamba taya aliliweka mwenyewe. Hakutaka mgeni aliyekwisha kwenda kwao aharibiwe jina. Wakasema basi ameliuza. Akafukuzwa akiwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Siku hizi hutembea mpaka uzio wa timbo, akasimama, akarudi nyumbani.

Nilimweleza mke wangu. Hakupandisha sauti. "Baba Neema," alisema, "andika jina lako kwenye karatasi, useme ukweli wote."

Niliandika. Nikaambatisha picha za taya kutoka kila upande, nikaomba wanielekeze jinsi ya kulirudisha. Nilidhani kusema ukweli ndiyo sehemu ngumu. Sehemu ngumu ni jibu lao. Walisema msimamizi mwenyewe alikiri kuliweka stoo, na mimi ninajulikana kuwa rafiki yake. Walisema taya la kwenye picha halina nambari wala jiwe lake, kwa hiyo laweza kuwa limetoka popote. Na ule ukuta? Ulikwisha lipuliwa, mawe yakauzwa. Kwa ufupi, wanadhani nasema uongo ili nimwokoe!

Mara ya kwanza maishani nasema ukweli unaoniumiza, na hakuna anayeutaka.

Nikakimbia Matisi kumuuliza fundi vile vipande vya nyuma viko wapi. Alikuna kichwa. "Zile takataka? Zilichanganywa na kokoto, mkubwa. Tulimwaga zege ya ngazi ya posho mill hapo mbele."

Nimemwahidi mwenye posho mill, ile mashine ya kusagia mahindi, ngazi mpya ili aniruhusu kuibomoa hii. Siku ya kwanza nilipiga zege kama mwendawazimu, kila kitu kikawa unga. Mikono ikachubuka. Akina mama wenye madebe ya mahindi wakaulizana huyu si ndiye yule wa Ulaya.

Ndipo nikampigia baba mdogo. Nilimweleza yote, hata lile neno lake na jinsi lilivyonichoma. Kesho yake alifika na gunia lake la kukalia na nyundo mbili.

"Usipige katikati, mwanangu," aliniambia. "Piga ukingoni, jiwe lijifungue lenyewe. Tunatafuta rangi gani?"

"Kijivu, na alama nyekundu."

Leo ni siku ya nne. Tumefungua nusu ya ngazi. Tumepata vipande viwili vya kijivu vyenye makombe ndani yake, vya lile jiwe hasa, lakini nambari, ile inayolingana na kitabu cha Anton, bado. Anton anaumwa moyo sasa. Binti yake hajibu tena ujumbe wangu.

Wewe unayerudi kutoka mbali, ukiwa na hamu ya kuwanyamazisha waliokucheka, waache wacheke. Rudi mikono mitupu. Usichukue ulichokabidhiwa kwa kuaminiwa, na kama umekwisha chukua, usikisugue. Uchafu ule unaouonea aibu huenda ndio ushahidi wa mtu mwingine.

Hapa naandika nikiwa nimekaa juu ya gunia. Baba mdogo ameninyooshea nyundo. Nusu ya ngazi imebaki.