Saa Tano za Mama Nailoni

Saa mbili asubuhi, Mama Nailoni anazungusha begi la abiria kwenye mashine, mkono mmoja ukikaza nailoni, mwingine ukipapasa zipu. Mdomo nao haupumziki.

"Unakwenda wapi, kaka?"

Abiria anautaja mji. Mikono inasimama.

"Mwendo wa saa ngapi hadi huko?"

"Tisa, dada. Ndege haitui popote njiani."

Anakata nailoni na kumtakia safari njema. Kisha anamgeukia mwenzake wa meza ya pili. "Umesikia? Na huyu naye tisa."

Ni mwaka wa sita sasa mwanamke huyu anafunga mizigo katika ukumbi wa abiria wanaoondoka, na wenzake wamemzoea: kila anayekwenda mji ule lazima ahojiwe. Ndiko anakofanya kazi mumewe, mpishi wa hoteli, kiasi cha kilomita elfu saba kutoka hapa. Huja likizo mara moja kwa mwaka. Akirejea kazini, ndege yake huruka saa nne asubuhi, na mkewe ndiye humfungia begi.

Simu ya kwanza huingia saa sita usiku. "Ndiyo kwanza nashuka kwenye ndege, mke wangu," husema.

Yaani saa kumi na nne tangu ndege iruke. Kwa muda mrefu aliamini, maana mbali ni mbali. Mpaka rubani mmoja alipoleta begi lake na kumwambia ni saa tisa, labda kumi upepo ukiwa mbaya. Tangu siku hiyo moyo wake haujatulia.

Alipomuuliza mumewe, alicheka. "Kule saa ziko mbele, wewe. Utajichanganya bure."

Jibu hilo ndilo lililomtia shaka zaidi. "Saa za kule ziwe mbele au nyuma, zinanihusu nini?" anauliza. "Nilimsindikiza nikitazama saa hii ya mkononi, akanipigia nikatazama hiihii. Mimi sikusafiri. Saa tano zimelala wapi?"

Mwenzake humtetea shemeji: foleni ya uhamiaji, mabegi kuchelewa, simu kuisha chaji.

"Kila mwaka?" Mama Nailoni anamkata kauli. Mwenzake anajitia kutafuta mkasi.

"Nampenda, ndiyo maana nateseka," anasema baadaye, macho chini. "Ningekuwa simpendi, ningelala usingizi wangu."

Mwezi ujao anachukua likizo. Tiketi anayo, ya ndege ileile ya saa nne. Mumewe ameambiwa kwamba mkewe anakwenda kumtazama dada yake. Ndiyo, amemdanganya, na haoni haya kulisema.

Anaapa kwamba haendi kumfumania mtu. Anachotaka ni kukaa kwenye kiti cha ndege hiyo, mkanda kiunoni, akitazama saa yake.

"Wenzangu huomba ndege ifike mapema," anasema, akivuta begi jingine. "Mimi nitaomba ichelewe. Ikitua saa sita usiku, nitampigia mume wangu magoti na kumwomba radhi."