Fundi wa Shati Zima

Walimwita Mama Pindo kwa sababu pindo aliloshona yeye halikufumuka. Shati lingechakaa, kola ingeliwa na jasho, mwenye shati angeota mvi, pindo lipo palepale. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene wa vidole, mwenye mdomo mkali kuliko mkasi wake, na wala hakuuficha.

Alishona kwenye karakana ya sare za shule: chumba kirefu chini ya bati, madirisha ya wavu, na meza ya kukatia iliyochakaa katikati kwa kupitiwa na mikasi. Cherehani yake ya kukanyaga ilikaa dirishani. Ilikuwa mali yake, kairithi kwa mama yake mzazi. Wenzake walishonea za tajiri, mwenye karakana. Sheria ya mle ndani haikuandikwa mahali ila kila mtu aliijua: anayeanza shati ndiye anayelimaliza. Unakata mwenyewe, unaunga mwenyewe, unatoboa matundu ya vifungo mwenyewe, na likirudi limefumuka, unatukanwa mwenyewe. Mwili wa mtu walipima kwa futi. Lakini nafasi ya mshono, kile kitambaa kinachobaki pembeni mwa uzi, kila fundi aliipima kwa upana wa kidole chake cha shahada. Ndivyo walivyofundishwa na waliowafundisha.

Tajiri mzee alipoishiwa macho, karakana ikaenda kwa mwanawe, Bosi Mdogo, ambaye kaptula yake ya kwanza ya shule ilishonwa na Mama Pindo huyuhuyu. Akaingia asubuhi na mapema, akawagawa mafundi kama karata. Yule mrefu mwembamba, wewe utakata tu. Wewe kola. Wewe mwili. Mama Pindo, mikono.

"Mikono ya nani?"

"Ya mashati, Mama. Kutwa utashona mikono."

"Na shati atashona nani?"

"Likipita kwa wote litakuwa limeshonwa. Kidole kimoja hakivunji chawa, Mama."

"Baba, sisi hapa hatuui chawa. Tunashona."

Wanawake wakacheka ndani ya vitambaa. Bosi Mdogo naye akacheka, kisha akasema mlango uko wazi na nje mafundi wamejaa tele.

Mama Pindo akashona mikono. Tuseme kweli, alikuwa na kitinda mimba chuoni, na ada yake ilitoka kwenye cherehani ile. Lakini alishona huku anasema, na alivyosema alisikika hadi barabarani. "Leo nimezaa mikono mia, kiwiliwili sijakiona. Hata jini lina kifua!"

Nyumbani ndiko alikokuta kumbe mambo yale yana kitabu. Kitinda mimba alikuwa akijiandaa na mtihani wa historia ya fikra za uchumi, na desturi yao ilikuwa binti asome kwa sauti, mama akiunga viraka.

"Hapo zamani," binti akasoma, "walidhani utajiri wa nchi ni dhahabu iliyolundikwa kwenye hazina ya mfalme. Akaja tabibu wa mfalme, akasema hapana, utajiri wote unatoka ardhini. Mkulima ndiye anayezalisha. Mafundi na wafanyabiashara ni tabaka tasa."

Sindano ikasimama. "Tasa? Mimi niliyezaa wanne?"

"Si uzazi, Mama. Maana yake fundi anageuza tu kilichokwisha kuwepo."

"Na huyo tabibu alikwenda kwa mfalme kavaa majani?"

Binti akacheka mpaka akapoteza ukurasa. Alipoupata, ulikuwa wa mzee wa pini. Huyu aliandika kwamba mtu mmoja akitengeneza pini peke yake atakesha na kapini kake kamoja. Lakini huyu akivuta waya, yule akikata, mwingine akichonga ncha, zitatoka pini maelfu kwa siku.

"Ahaa," Mama Pindo akasema. "Basi nimemjua mwalimu wa Bosi Mdogo."

"Lakini ni kweli, Mama. Mgawanyo wa kazi umetajirisha mataifa."

"Sijasema ni uongo. Nimeuliza, aliyechonga ncha maisha yake yote, alikufa fundi wa nini?"

Wakaendelea. Akaja wa ndevu nyingi, aliyesema thamani ya kitu ni jasho la aliyekitengeneza na tajiri anakula kisicho chake. Huyo, Mama Pindo alimpenda mpaka alipoambiwa naye hajawahi kushika sindano. Wakaja waliosema thamani haimo jashoni, imo kwenye hamu ya mnunuzi: glasi ya kwanza ya maji ina raha, ya pili kidogo, ya tatu unamwagia maua. Akaja wa mwisho, aliyesema kazi zikipotea serikali iwape watu kazi, hata kama ni kuchimba mashimo na kuyafukia.

"Mwanangu, hao wote nimewasikia," Mama Pindo akasema. "Mmoja kashona mfuko, mmoja kola, mmoja kifungo. Shati liko wapi?"

"Hilo ndilo mwalimu anatuuliza kila siku!"

"Mwambie hata mimi nalitafuta."

Sasa sikia kilichotokea karakana. Mashati yalipofika kwa wa kuunganisha, mikono ilikataa kuingia kwapani. Ilikuwa myembamba. Ukiivuta, mwili unakunjamana. Ukiiacha, kwapa linabaki wazi kama dirisha. Rundo zima. Shule ilikuwa ikisubiri sare.

Bosi Mdogo akaja na mkono mmoja wa shati, akauning'iniza mbele ya uso wa Mama Pindo, na mafundi wote wanatazama.

"Tangu siku ya kwanza hutaki. Sasa umetuharibia makusudi."

Mama Pindo akainuka. Kimo chake hakikuongezeka sana, lakini watu walirudi nyuma.

"Mimi nikikataa, nakataa kwa mdomo. Sikatai kwa sindano. Aliyenifundisha angefufuka akanizaba kofi."

"Basi niambie mikono imekuwaje."

Mama Pindo akauchukua ule mkono, akaukagua mshono wote, asione kosa. Bosi Mdogo akasema kesho aje aombe radhi mbele ya wote, la sivyo asije. Mama Pindo akachukua shati moja, akatoka bila kuaga.

Nyumbani alilitandika mezani, akalipima kwa futi, akalifumua. Chaki ya yule mrefu ilikuwa sawa. Uzi wake yeye ulikuwa umenyooka. Binti akainama kutazama, akaweka kidole chake kwenye ukingo wa kitambaa.

"Hii ni nafasi ya mshono?"

"Ndiyo. Kidole."

"Kidole cha nani, Mama?"

Wote wawili wakatazama vidole vyao. Cha binti kilikuwa kama njiti ya kiberiti, sawasawa na cha yule mrefu aliyekata. Cha Mama Pindo, kilichonenepa kwa miaka ya mkasi, kilikuwa karibu viwili vya hivyo. Mrefu aliacha kitambaa kwa kidole chake, Mama Pindo alipounga akala kwa kidole chake. Zamani haikuwa neno: kidole kilichoacha ndicho kilichokula.

Binti akakaa chini taratibu. "Mama, usimwambie Bosi Mdogo."

"Kwa nini?"

"Ukiomba radhi ukanyamaza, mikono itaendelea kukataa, mpango wake utakufa wenyewe. Wiki ijayo kila mtu anarudi kwenye shati lake. Ukimwambia, atakata kibati kimoja cha kupimia, atawapa wote, na mzee wa pini atakuwa ameshinda."

Mama Pindo akaligeuza lile shati lililofumuliwa, nje ndani, ndani nje. Alilitaka shati lake zima. Alilitaka kuliko binti alivyojua. Lakini angelipata akiwa nani? Yule fundi aliyeharibu kwa siri, akasamehewa.

"Ashinde," akasema. "Ila hatashinda kwa mimi kuitwa mharibifu."

Kesho yake hakuomba radhi. Alimwita yule mrefu, akaweka kidole chake kinene kando ya kile chembamba, mezani, palipochakaa. Hakueleza sana, mafundi walipiga yowe kabla hajamaliza. Bosi Mdogo akatazama vidole vile.

"Mama, nisamehe."

"Sema kwa sauti. Jana hukuninong'oneza."

Akasema kwa sauti. Kisha, kwa kuwa hakuwa mjinga, akatuma bati likatwe kipimo kimoja, na kabla ya adhuhuri mikono ikaanza kuingia kwapani kama mguu kwenye kiatu chake. Rundo la mashati likapanda. Akamwendea Mama Pindo akitabasamu.

"Sasa hutashona mikono. Utakuwa msimamizi. Utashika kibati, uwakague wenzako."

"Nimshikie nani kibati? Mimi ni fundi wa mashati, baba. Kama hapa hayashonwi tena, nisaidie kubeba cherehani."

"Nje utakula nini, Mama?"

"Nilikushonea kaptula, sikukuuliza utakula nini ukiwa ndani yake."

Wakambebea, Bosi Mdogo upande mmoja na yule mrefu upande mwingine, hadi barazani kwa Mama Pindo.

Wateja wa barazani si wengi, tusidanganyane. Bei ya karakana imeshuka na watu wana macho. Jioni moja binti alikuja na kitabu, ana haya kidogo.

"Mama, mzee wa pini huku mwishoni ameandika jingine. Anasema mtu akifanya vitendo viwili vitatu maisha yake yote, akili yake inafubaa."

"Mbona hukunisomea?"

"Ni mbali sana, Mama. Wengi hawafiki."

"Huyo basi shati lake alilimaliza. Ni nyinyi mlioondoka na mfuko."

Akaja mama mmoja na shati la karakana, anataka abadilishiwe mkono mmoja tu, haraka.

"Mkono mtupu sishoni," Mama Pindo akasema. "Lete kitambaa, nikushonee shati."

"Mama!" binti akanong'ona. "Mteja huyo!"

Yule mama akasonya, akaenda zake na shati lake. Mama Pindo akatandika kitambaa cha mtu mwingine, akaweka kidole chake kinene ukingoni, akachora.