Mwomboko Bila Chuma

Kwenye harusi moja Kerugoya, DJ aliweka mwomboko, dansi ya wawili wawili ya wazee, na vijana wakawa wanainama kila mmoja anapotaka. Mzee Gikonyo alikataa kuinuka, ingawa bibi harusi alikuwa mjukuu wake, Wamucii.

“Guka, cheza hata wimbo mmoja,” Wamucii alimsihi babu yake.

“Nicheze nini? Chuma kinachogongwa kutuambia tuiname hakisikiki, ni besi tu. Hao ni kama wanaokota viazi.”

Wamucii akacheka, akaamuru besi ipunguzwe, akaanza kugonga chupa ya soda kwa kijiko. Gikonyo akamshika mkewe kiunoni. Hatua mbili, wakainama. Vijana wakatazama, kisha wakafuata. Wote walipoinama pamoja, mzee alikosa cha kulaumu, na hilo nalo likamuudhi kidogo.