Ndizi ya Tumpe

Juzi wakimbiaji walipita tena kijijini kwetu Lufingo, wale wanaokimbia milimani kutwa nzima ili watu wachangie ada za wanafunzi. Niliposikia vishindo vyao kwenye tope, wivu wangu wa utotoni ulinipanda upya.

Mchana ule wa utoto wangu mvua ilikuwa imetoka kukatika, na barabara ilinukia mikaratusi na ndizi mbivu. Mwalimu alitwambia wageni wanakimbia ili mtoto asome, nasi tuwape ndizi njiani. Mimi nikaelewa kwamba mtoto ambaye ndizi yake italiwa ndiye atakayesomeshwa. Nikachagua nzuri kuliko zote. Mkimbiaji alipokaribia, nikapiga magoti na kumpa kwa mikono miwili, kama mama alivyonifundisha kumpa mkubwa kitu. Tumpe, binti wa baba mdogo, alisimama wima akanyoosha mkono mmoja. Ndizi yake ilikuwa na madoa meusi. Mkimbiaji aliinyakua bila kupunguza mwendo.

“Ndaga!” akamshukuru kwa Kinyakyusa.

Mimi niliambulia tope usoni.

“Wewe ndiye mwenye adabu, mwanangu,” mama alinibembeleza. Adabu hiyo sikujua niipeleke wapi.

Tumpe alipata ufadhili, leo ni daktari. Mimi nachuma chai. Najua alama zake ndizo zilizompeleka, wala si ndizi. Najua kabisa.

Lakini juzi, binti yangu alipoanza kupiga magoti kando ya barabara na ndizi yake mikononi, nilimshika kwapani nikamwinua.

“Simama, mama! Nyoosha mkono!”