Nusu ya Uwanja Iliyo ya Buya

Siku yangu ya kwanza kazini, karani wa baraza alinikabidhi fyekeo, karai, gunia la chokaa na kamba ndefu yenye mafundo, kisha akanisimamisha katikati ya uwanja wa Garsen nitazame pande zote. Niliona nyasi, mbuzi, na magoli mawili ya miti ambayo mtambaa panya wake, yaani ule mti wa juu, ulikuwa umebonyea.

"Karisa," akaniambia, "kuanzia leo mpira ukitoka nje, umetoka kwa sababu wewe ndiye uliyesema hapa ni nje. Usiifanyie mzaha kazi hii."

Nilikuwa kijana, nikacheka. Yeye hakucheka.

Ninyi wa leo mnafika uwanjani mkakuta mistari, mkadhani imeota na nyasi. Kazi ilianza mapema. Udongo wetu wa mtoni ukikauka hupasuka, na ufa mmoja unaweza kummeza mchezaji hadi kwenye kifundo cha mguu, kwa hiyo kwanza nilijaza nyufa mchanga. Kisha nikafyeka. Kisha kona: mafundo matatu upande huu, manne upande ule, na matano yakifunga mkingamo kati ya hizo ncha mbili, kona imekaa mraba. Hapo ndipo nilipopigilia vigingi, nikavuta kamba, nikamwaga chokaa kwa mkono huku nikirudi kinyumenyume. Kiuno changu hakijanisamehe hadi leo.

Timu yetu ni Mamba. Mahasimu wetu ni Viboko wa Golbanti, na ni wao walionifanya niipende kazi hii. Msimu wangu wa kwanza mchezaji wao aliangushwa karibu na goli letu. Refa akasema ni nje ya eneo la penalti. Golbanti nzima ikaingia uwanjani ikidai kwamba mtunza uwanja alilipunguza eneo hilo makusudi. Sikulipunguza, na nikiulizwa kaburini nitajibu hivyo hivyo.

Kesi ilifika kwa afisa wa michezo, mtu mnene mwenye subira, ambaye alisikiliza pande zote mbili hadi chai yake ikapoa. "Basi kila timu ije na mchoraji wake," akaamua. "Kila mmoja achore nusu ya uwanja, na mstari wa katikati mchore pamoja."

Watu wakapiga makofi, wakarudi makwao wameridhika. Hakuna aliyekumbuka kwamba kipindi cha pili timu hubadilishana magoli. Tulipokumbuka, desturi ilikuwa imeshakomaa, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuiacha.

Ndivyo nilivyompata Buya. Alikuwa mkulima wa mpunga, mrefu, mchache wa maneno, na hakutumia chokaa ya baraza. Alichoma pumba za mpunga wake mpaka zikawa jivu jeupe lenye ukijivu, akaja nalo kwenye ndoo. Kwa hiyo uwanja wetu siku ya Viboko ulikuwa na rangi mbili, na mtoto yeyote wa Garsen alijua nusu ipi ni ya nani. Mimi nilipokwenda kwao Golbanti, nilikwenda na chokaa yangu. Mstari wa katikati tulianza kila mtu kutoka ukingo wake, tukakutana kwenye kitone cha kuanzia mpira. Hapo Buya alinyoosha mgongo, akautazama mstari wangu kwa jicho moja, akasema neno lake lile lile la kila mechi: "Umepinda, mtani."

Ulikuwa haujapinda. Nami nilimjibu kwamba wake umepinda zaidi, na wake ulikuwa umenyooka kuliko uzi. Baada ya hapo tulikula wali wake wa nazi aliofungiwa na mkewe, kisha tukaenda kukaa kila mtu na watu wake na kuombeana kufungwa.

Baadaye nilihamishiwa Hola, chini ya msimamizi wa ujenzi ambaye hakuujua mpira ila alipenda nyasi fupi. "Ukimaliza niite," ndiyo ilikuwa hotuba yake yote. Uwanja mzima ulikuwa wangu, pande zote mbili, na hakuna aliyenibishia. Mtu angedhani nilifurahi. Nilichora mistari safi, nikafika katikati, nikainua kichwa, na hapakuwa na mtu wa kuniambia nimepinda. Niliwakumbuka mahasimu wangu kuliko nilivyoikumbuka timu yangu. Nilipoomba kurudishwa Garsen, msimamizi alidhani nina matatizo ya nyumbani.

Nikarudi, nikachora hadi nilipostaafu. Halafu mto ukaja juu. Mafuriko yaliuchukua uwanja wa Golbanti pamoja na mashamba, watu wakahamia mwinukoni, na Viboko wakatawanyika. Misimu ikapita Mamba wakicheza na timu hii na ile. Tulishinda sana. Nilikaa pale pembeni nikishangilia kwa adabu, kama mtu anayekula chakula kisicho na chumvi.

Mwaka huu vijana wa Golbanti wamejikusanya tena. Zimepangwa mechi tatu kati yao na Mamba, na ya kwanza ni kesho, hapa Garsen. Mwenyekiti wetu, kijana mwenye bidii, alinunua rangi ya kupuliza na kuniambia nipumzike, uwanja wote utachorwa mara moja. Nikamwomba aniachie tu, nami nikapanda bodaboda kwenda kumtafuta Buya.

Nilimkuta mlangoni kwake. Mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili. Alinijua kwa sauti. Nilipomweleza nilichokujia, akatikisa kichwa.

"Uwanja wangu umekwenda na mto, na macho nayo yamekwenda. Nije kufanya nini, mtani? Wachore wenye macho."

"Nusu yenu haina mchoraji," nikamwambia. "Tukiichora sisi, hiyo itakuwa mechi ya Garsen na Garsen."

Niliogopa kwa kweli, maana nilijua akikataa sitakuwa na nguvu ya kuja mara ya pili. Kisha akageuza uso kuelekea jikoni, akamuuliza mkewe kama kuna pumba zilizobaki.

Leo jioni amekuja na ndoo yake. Nilivuta kamba, nikapigilia vigingi, nikataka kumshika mkono. Akauondoa. Alivua viatu, akaitafuta kamba kwa unyayo, akaanza kutembea juu yake akimwaga jivu. Vijana wa timu zote mbili waliacha mazoezi. Ukingo aliumaliza vizuri, na eneo la penalti pia. Lakini kwenye mstari wa katikati, nami nikija na chokaa yangu kutoka ukingo wa pili, kigingi cha upande wake kililegea bila mimi kuona, kamba ikapinda, na Buya akapinda nayo. Tulikutana kwenye kitone akiwa amekuja kutoka pembeni, kama mgeni aliyekosea mlango.

Mwenyekiti akasogea na kopo lake la rangi, akaninong'oneza, "Mzee, huu umeenda kombo. Nipitishe kidogo tu, hata hataona."

"Huo ni upande wa Golbanti," nikamjibu. "Hata mimi sina ruhusa ya kuugusa."

Buya alinyoosha mgongo. Katika miaka yetu yote hakuwahi kuniuliza swali alilouliza sasa, na aliliuliza kwa sauti ndogo.

"Wangu umenyooka?"

Kila kijana pale alinitazama, na nilijua wanachotaka niseme. Lakini ningesema umenyooka, Buya angejua papo hapo kwamba nimeacha kuwa hasimu wake na nimeanza kumhurumia.

"Umepinda, mtani," nikasema. "Umepinda vibaya."

Alicheka mpaka akalazimika kukaa chini kwenye nyasi, jivu likimwagika mapajani. Nami nikakaa karibu naye, nikalia kidogo, naye hakuona.

Baraza lilinilipa miaka mingi ili niseme wapi ni ndani na wapi ni nje. Buya alikuwa nje muda mrefu, na leo yuko ndani. Kesho atakaa na watu wake, nami nitakaa na wangu, na ninaomba tuwafunge.