Mashine Isiyoona Wifi

Wiki ile vita ilipoingia Goma, jirani yetu alikuja nyumbani amebeba laptopu ndani ya kitenge. Ni mama mwenye asili ya Butembo, anauza maharagwe kwa jumla hapa kwetu, na mume wake alikuwa amekwenda Goma kufuata mzigo. Tangu mji uchukuliwe, kila alipopiga namba yake hakusikia kitu.

"Petit," yaani mdogo wangu, aliniambia kabla ya kukaa, "hii mashini haione tena wifi. Na njo njia moja tu yenye ilibakia."

Akanieleza kwa nini ndiyo njia pekee iliyobaki. Simu yake kubwa wezi walikuwa wameinyakua sokoni Kenya, mtaa wa hapa mjini kwetu, si ile nchi, na laini ilisajiliwa kwa jina la mume. Ofisini kwa kampuni ya simu walimwambia mwenye jina aje mwenyewe. Programu waliyozoea kuonana nayo ilibaki wazi ndani ya laptopu ile peke yake. Madereva wa mizigo wanaomjua mume wake walikuwa wamesikia kwamba huko Goma kuna paroisse moja, yaani parokia, yenye intaneti ya setelaiti, na watu waliokimbilia pale wanapanga mstari kuwaandikia ndugu zao. Kama mume wake alikuwa hai, angeandika. Na kama angeandika, neno lake lingefika mahali pamoja tu: ndani ya ile mashine nzee iliyokuwa mezani kwangu, kipofu.

Nilimwambia, "Mama, acha kwangu." Mdomo wangu ulisema hivyo.

Ukweli ni kwamba sijasoma ufundi popote. Nilijifunza kwa kutazama video na kuharibu mashine zangu mwenyewe. Mtu akinisifu, naogopa. Naona kama siku moja atatokea mtu wa kuniuliza diploma. Ndiyo maana nafanya kila kitu mara mbili. Mama yangu mzazi, binti wa mfanyakazi wa reli, hucheka: "Huyu mutoto wangu, hata sahani safi anaisafisha tena."

Laptopu ikinisumbua, dawa yangu ni moja: kufuta yote na kuanza upya. Mashine tupu hainifichi kitu. Lakini hii sikuweza kuifuta. Nikiifuta, programu ingefunga akaunti, na kuifungua tena kungehitaji namba ya siri inayotumwa kwenye laini iliyoibiwa. Kwa mara ya kwanza nililazimika kutengeneza kitu bila kukigusa sana.

Nilijaribu njia za mkato. Kuunganisha simu yangu kwa waya hakukuwezekana: mwaka ule umeme ulikuwa unakatika na kurudi kwa nguvu, na siku moja ulirudi ukaunguza matundu yote ya pembeni ya mashine ile, la waya wa intaneti pia. Lilibaki zima lile la kadi ya kamera. Nikaazima kadi kwa mpiga picha wa harusi wa mtaa wetu, nikawa naitumia kama kikapu: napakua kitu kwenye simu, nakiweka kwenye kadi, naichomeka kwenye laptopu.

Kilichokosekana ni pilote, ile programu ndogo inayoifundisha kompyuta namna ya kuongea na kipande chake. Katika orodha ya vifaa, mahali pa kadi ya wifi palikuwa na alama ya njano na maneno "kifaa kisichojulikana". Niligeuza laptopu, nikasoma kibandiko cha chini, nikaandika jina la modeli, nikalisoma tena herufi kwa herufi. Nikapakua pilote ya modeli ile kutoka kwa watengenezaji wenyewe. Nikaiweka. Ikajibu kwamba kadi yake haiioni.

Nikajaribu toleo la zamani zaidi, kisha la karibuni. Jibu lile lile.

Mama jirani alikuwa anapita kila alasiri akitoka depo, ghala lake la maharagwe. Mvua ya msimu ilikuwa inapiga mabati, viatu vyake vimejaa udongo mwekundu, na bado alisimama mlangoni bila kuingia, kana kwamba akiingia ataleta bahati mbaya.

"Iko inaona?"

"Apana mama, bado."

"Petit, weye unatengeneza ao unaombea?"

Mama yangu akajibu kutoka jikoni: "Acha aombe, mama! Fundi wa kuomba bei yake iko chini!"

Walicheka wote wawili. Kisha jirani akafuta macho kwa pembe ya kitenge, akaenda. Kicheko kile kilinikaa vibaya. Nilijua anacheka ili asinilaumu.

Siku iliyofuata nilikuwa naendelea na kazi ya mteja mwingine, mwanafunzi wa mabweni ya chuo ya Makomeno aliyeng'oa herufi kwenye klavye, kibodi ya laptopu yake. Sina klavye mpya. Hakuna aliye nazo. Nilivuta boksi la mashine zilizokufa, nikatoa herufi kwenye laptopu ya aina nyingine kabisa, nikaipunguza ukingo kwa wembe mpaka ikakaa. Ndivyo tunavyofanya kazi hapa. Katika karakana za Kenya, mashine tatu zilizokufa zinazaa moja hai, na hakuna anayeandika popote nini kilitoka wapi.

Mkono wangu ukasimama na wembe hewani.

Nilikimbia bila viatu mpaka kwa jirani, matone yakinipiga kichwani. "Mama, ile siku umeme iliunguza mashini, nani aliitengeneza?"

"Fundi moja wa Kenya. Alifungua chini, akaniambia kile kipande cha wifi kimeungua, akatosha ingine mu mashini ya muntu. Umeme ikakatika hajajaribisha bado. Akasema: iko bon, enda nayo."

"Mama, juu ya nini haukuniambia?"

"Weye uliniuliza?"

Sikuwa nimeuliza. Kumbe kadi ya wifi ilikuwa imetolewa kwenye mashine ya mtu mwingine. Niliamini kibandiko. Mimi ambaye kila wiki nachanganya viungo vya mashine, niliiona hii kama imetoka kiwandani jana, kwa sababu tu kibandiko chake kilikuwa safi.

Nikarudi, nikafungua kifuniko cha chini kuhakikisha kadi ni ya kubadilishwa, kisha nikaingia tena kwenye orodha ya vifaa, safari hii nikatafuta namba ambazo kadi yenyewe hujitambulisha nazo. Zilikuwepo pale siku zote. Zilikuwa za kampuni nyingine kabisa. Nikapakua pilote yake, faili dogo la kuchekesha, nikaiweka kwenye kadi ya mpiga picha, nikaichomeka. Skrini ikawa nyeusi kidogo, nami nikaacha kupumua. Iliporudi, majina ya wifi za majirani yalikuwa yamejipanga pembeni, hata ile ya kanisa.

Nikaiunganisha na intaneti ya simu yangu, lakini sikugusa programu yake. Nilimwita. Alikuja na mikono yenye vumbi la maharagwe, akabonyeza mwenyewe.

Ujumbe uliingia kwa kufuatana, wa zamani mbele. "Niko muzima." "Tuko ku paroisse na bashofere." "Mbona haujibu?" "Mama, uko wapi?" Wa mwisho ulikuwa wa asubuhi ile. Alisoma kila mmoja kwa sauti, kisha akapiga. Iliita muda mrefu. Sura ikatokea imevunjikavunjika, mtu mwenye ndevu ambazo mke wake hakuwahi kuziona.

"Depo haivuje?" ndilo neno la kwanza la mume. "Ile bati ya nyuma, ulipigisha misumari?"

"Bantu beko banakufa na weye unauliza bati!" Alipiga kelele akicheka na kulia. "Mimi niko nakuombea, weye uko unaombea maharagwe!"

Mama yangu alikuwa ameketi chini na sufuria mapajani, akirudia, "Aksanti, Yezu, aksanti." Mimi nilitoka nje kusimama kwenye mvua. Sijui kama niliwahi kupumua vizuri hivyo.

Walipomaliza, nikaomba mashine dakika moja tu. Kifuniko cha chini kilikuwa bado wazi, na nilitaka pia kusafisha feni na kuandika aina ya kadi kwenye kibandiko kipya.

"Ngoja mama, nirudishe skrubu."

"Skrubu gani? Inaona ao haione?"

"Inaona."

"Basi." Akaifunga ndani ya kitenge hivyo hivyo, kifuniko kikiningʼinia, akaikumbatia kifuani, akavuka barabara akiruka madimbwi. Nilibaki mlangoni na skrubu zake kiganjani, na sikumfuata.