Kitufe Kilichosikiliza Dirisha la Kwanza

Sijamsamehe patron wangu, yule bosi wa Bukavu, na sina mpango wa kuanza leo.

Mimi hutengeneza programu za kompyuta. Kazi aliyonipa ilikuwa ndogo: kuongeza upau wa vitufe ndani ya programu ya barua pepe, ili sekretere abonyeze mara moja na barua iende ikiwa na muhuri wa ofisi. Ofisi ya kwanza kuupokea ilikuwa ile ya mji wa Baraka, ambako yaya, dada yangu mkubwa, aliwaandikia barua watu wasio na kompyuta: wavuvi, na wakulima waliokimbia kutoka Burundi.

Yaya alikuwa na desturi yake. Mtandao ukikatika, hakufunga barua ya mtu aliyekuwa bado anangoja.

"Mutu angali hapa, mi nitafungaje barua yake? Ni sawa na kumufukuza."

Kwa hiyo skrini yake ilijaa madirisha, kila mtu na lake.

Nilimweleza patron: dirisha likifunguliwa, likija mbele au likifungwa, programu inatoa taarifa, na upau wetu lazima usikilize taarifa zote hizo. Ule alioutaka yeye ulisikiliza dirisha la kwanza tu, kisha ukaziba masikio. Yeye aliujaribu mezani kwake Bukavu: akafungua barua moja, akatuma, akafunga. Akaniambia niache kusumbua watu, akaupeleka Baraka hivyo hivyo.

Asubuhi moja mtandao ulirudi, yaya akaanza kutuma. Maneno ya dirisha lililokuwa mbele yakaenda kwa anwani ya dirisha la kwanza. Mama mmoja mkimbizi alikuwa akimweleza ndugu yake ugonjwa wa mumewe, ule ambao watu hawautaji. Barua ikamfikia mnunuzi wa dhahabu wa Misisi, mwenye anwani ya dirisha la kwanza, na mtu yule asiye na haya akawasomea wenzake. Juma halikuisha, Baraka nzima ikawa inasema yaya anauza siri za watu. Yule mama alipishana naye njiani bila hata salamu.

Niliurekebisha upau kwa alasiri moja. Alasiri moja tu! Kila dirisha likapata wa kwake, na likifungwa, wake unaondoka nalo. Kisha nikamwomba patron aandike mistari miwili isomwe kanisani, kwamba kosa lilikuwa la chombo. Akajibu kwamba wateja wangeogopa. Nikaanza kusema mwenyewe, watu wakacheka: si ni ndugu yake?

Yaya aliacha kazi, akapanda kwenda Fizi kulima mihogo. Nilimfuata nikamweleza yote. Alinisikiliza huku akimenya.

"Ile chombo yenu ilishapona?"

"Ilishapona, yaya."

"Bien. We unajua, mi najua." Akachukua muhogo mwingine. "Bale batu bengine ba Baraka, nani atabaambia?"